Ijumaa: kura mbili za Athens

Habari za jioni wanakikundi. Ijumaa saa 3 usiku Sparta tunaiweka kando, tunazungumzia Mytilene, mwaka 427 KK. Mji huo wa kisiwa cha Lesbos uliiasi Athens, ukashindwa. Baraza la wananchi wa Athens likapiga kura: wanaume wote wauawe. Meli ikaondoka na amri. Kesho yake wakajuta, wakapiga kura tena. Diodotus, aliyepinga mauaji, akamshinda Cleon, aliyeyatetea, kwa kura chache. Meli ya pili ikafukuzia ya kwanza, wapiga makasia wakila huku wanavuta, unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta, wakilala kwa zamu. Ilifika amri imeshasomwa, haijatekelezwa. (Vinara wa uasi hawakupona, lakini.)

Mje tayari kujibu: siku ya kwanza ungenyoosha mkono upande gani? Na jamani, sauti za dakika saba hapana.