Magongo si mchezo wa wageni, na kiwanja chake kinaenea Pemba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nijibu makala iliyotoka katika kurasa zako za michezo wiki mbili zilizopita, ambamo mwandishi, akizungumzia Kombe la Dunia la mpira wa magongo, yaani hoki, kwa wanaume lililopangwa kuchezwa Uholanzi na Ubelgiji mwezi wa Agosti 2026, alikata shauri kwa sentensi moja tu: kwamba huo ni mchezo wa wageni, na kwamba sisi wa visiwani hatuna letu ndani yake ila kuutazama katika televisheni. La kuutazama namsamehe, maana kwa sasa ndivyo ilivyo. La wageni siwezi kulinyamazia.

Kombe hilo lilipochezwa kwa mara ya kwanza, mjini Barcelona mwaka 1971, Pakistan ndiyo iliyolitwaa, Uhispania ikawa ya pili na India ya tatu. Wa nne walikuwa jirani zetu wa Kenya, wakiongozwa na nahodha Avtar Singh Sohal, ambaye hadi anastaafu alikuwa ameshacheza Olimpiki nne. Najua nitaambiwa kwamba wale walikuwa Wahindi na Wagoa, watu wenye asili ya Goa huko India. Nami nitauliza Mgoa aliyezaliwa Shangani, Unguja, akasomea mjini na akazikwa hapa hapa, ni mgeni wa nani. Wazee waliokulia Mji Mkongwe wanakumbuka magongo yakichezwa Mnazi Mmoja nyakati za jioni, na hakuna aliyekuwa akiwauliza wachezaji wameshuka na jahazi gani.

Tena tumefika mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1980 timu ya Tanzania ilicheza magongo katika Olimpiki ya Moscow. Sitaficha kwamba mlango ulifunguka kwa sababu mataifa mengi, Kenya ikiwa miongoni mwao, yalisusia michezo ile, wala sitaficha kwamba India, iliyoondoka na medali ya dhahabu, ilitufunga mabao 18 kwa 0, nasi tukashika nafasi ya sita kati ya timu sita. Ni kipigo cha kuona haya. Lakini hafungwi ila aliyeingia uwanjani, na tangu mwaka ule hatujaingia tena katika magongo ya Olimpiki.

Kilichotuweka nje, kwa maoni yangu, si asili ya mchezo bali ni kapeti. Hadi miaka ya sabini mapema, magongo yakichezwa juu ya majani ya kawaida, na kiwanja kilichofyekwa vizuri kikitosha. Katika Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 zikaingia nyasi bandia, na kuanzia hapo nchi isiyo na fedha za kutandika uwanja wa mita 91 kwa 55, na kuumwagia maji kabla ya kila mechi ili mpira uteleze, ikabaki pembeni. Hata India na Pakistan, waliokuwa wafalme wa majani, waliyumba. Wala mtu asinielekeze Gombani au Amaan. Nyasi za viwanja vile ni za kandanda: ndefu, zimejazwa mchanga na chembe za mpira, na kijipira cha magongo kikianguka humo kinazama na kusimama kama tunda lililoanguka kwenye tope. Magongo yanataka nyasi fupi zilizobanana.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Mwezi wa Januari 2024, Maskati iliandaa Kombe la Dunia la magongo ya watu watano kila upande. Mpwa wangu anayefanya kazi huko aliniletea video kwa simu, na maneno yake yalikuwa mafupi: “Mjomba, tazama hawa Wakenya.” Nikatazama. Walikuwamo Kenya, Nigeria na Misri, walikuwamo wenyeji Oman, ambao nusu ya familia za hapa zina jamaa kwao, na Uholanzi ndiyo iliyobeba kombe baada ya kuifunga Malaysia mabao 5 kwa 2 katika fainali. Lakini mimi jicho langu lilikuwa kwenye kiwanja. Kinazungukwa na mbao zinazorudisha mpira ndani, mechi ni dakika ishirini tu, kumi na kumi, na urefu wake mkubwa kabisa, yaani mita 55, ndio upana wa uwanja wa magongo ya kawaida. Kwa maneno mengine, pale ambapo zamani ungelia kwamba huna kiwanja kimoja, leo unaweza kupata viwili na nafasi ya watu kukaa.

Niliwahi kusomesha skuli ya sekondari hapa Chake Chake, na baada ya kustaafu bado huwa nakwenda jioni kuwatazama vijana. Baada ya video ile niliwaonesha, na siku ya tatu nikawakuta wamekata pongoo za makuti makavu. Ukiukata upongoo kwenye shina lake, pale panapokamatana na mnazi, unapata kitu kipana na kilichopinda kidogo upande mmoja, na ukikichonga vizuri kwa panga, gongo limepatikana bila ya senti moja. Mpira walitumia wa tenisi, uliokwisha manyoya, na hilo ni jambo la busara, kwani mpira wenyewe wa magongo ni mgumu kama jiwe, una uzito wa gramu 160 hivi, na haufai kuchezewa na mtu asiye na kinga za miguu. Nikawafundisha kanuni moja ambayo huwashangaza wote: gongo lina uso mmoja tu bapa, upande wa kushoto, na mgongo wake wa mviringo hauruhusiwi kugusa mpira. Kijana mmoja anayetumia mkono wa shoto akaniuliza gongo lake liko wapi. Halipo, mwanangu, mchezo huu hauna gongo la shoto, nawe utajifunza la kulia kama wenzako. Alinuna kwa dakika tano, kisha akafunga mabao mawili.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Katika wilaya ya Sundargarh, jimbo la Odisha nchini India, watoto wa vijijini wamekuwa wakichonga magongo yao wenyewe kwa miti, na huko kuna mashindano ambayo zawadi ya mshindi ni mbuzi, sawasawa na mabonanza yetu ya kandanda. Kutoka katika wilaya hiyo hiyo wametoka wachezaji wa timu ya taifa, na hatimaye serikali ya jimbo ikajenga Rourkela uwanja wenye viti zaidi ya 20,000, uliotumika katika Kombe la Dunia la mwaka 2023, ambalo Ujerumani ililichukua kwa mikwaju mbele ya Ubelgiji. Mbuzi alitangulia, viti vikafuata.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahusika wa michezo visiwani si uwanja wa Olimpiki. Naomba kwamba pale panapotandikwa nyasi bandia kwa ajili ya viwanja vidogo vya skuli, kimoja tu, Unguja au Pemba, kitandikwe nyasi fupi za kufaa magongo ya watu watano, na mipaka yake izungushiwe mbao ambazo mafundi wetu wa seremala wanaweza kuzifanya kwa wiki moja. Gharama kubwa itakayobaki ni mavazi ya mlinda mlango, yaani kofia, kinga ya kifua na za miguu, na hizo hazichongeki kwa upongoo. Zitafutwe kwa ufadhili, seti mbili zinatosha kuanzia. Na kwako, Ndugu Mhariri, ombi ni dogo zaidi: itakapofika Agosti, tuchapishie matokeo, hata kama ni kwa mistari minne chini ya habari za ligi ya Uingereza.

Kiwanja cha skuli niliyoitaja nimekwisha kukipima kwa hatua zangu, nacho kinaenea, ila kona moja ina mwembe. Vijana wanataka ukatwe. Mimi nimewaambia tusogeze goli.

Mwalimu mstaafu,
Chake Chake, Pemba.