Mdogo wangu, themanini mara sita

Mdogo wangu,

Mama mdogo kaniambia umepata kazi ya duka Kariakoo na unashuka Dar mwezi ujao. Hongera sana. Kaniambia pia umeshapiga hesabu: mshahara laki tatu, chumba cha elfu hamsini "hapo hapo karibu na kazini", nauli hakuna maana utatembea kwa miguu, na kinachobaki unamtumia yeye Njombe. Ningeweza kukupigia simu tu, lakini naandika mahali pa wazi kwa sababu hesabu hiyo si yako peke yako. Kila basi linaloingia stendi ya Magufuli lina binti aliyekuja nayo.

Tuanze na hapo "hapo hapo". Zile nyumba za Kariakoo za zamani, korido katikati na vyumba pande mbili, karibu zote zimebomolewa zikawa ghorofa. Chini fremu za maduka, juu yake fremu, na huko juu kabisa ambako ungetegemea wakae watu, stoo. Mwenye jengo akipangisha chumba cha kuwekea marobota ya vitenge anapata zaidi ya utakachompa wewe, tena marobota hayapiki, hayafui na hayaleti wageni. Kwa hiyo mzigo unalala Kariakoo, wauzaji wanalala Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara.

Atatokea mtu wa kukunong'oneza kwamba ana chumba ndani ya nyumba ya msajili, Upanga au Ilala, bei ya kutupa. Ni yale majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971 yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambayo siku hizi yako chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Huyo anayekukaribisha ni mpangaji kama wewe, na mara nyingi hana ruhusa ya kumpangishia mtu mwingine. Wakaguzi wakipita, yeye atakuwa safarini, wewe ndiye utakayekutwa na godoro lako.

Sasa bei. Ukiingia kwenye makundi ya madalali utaona wameandika "singo 50 x 6", "masta 120 x 6", "chumba na sebule 150 x 6, taili, jipsamu, LUKU yako". Singo ni chumba kitupu, choo na bafu mnachangia uani. Masta kina choo chake ndani. LUKU ni mita ya umeme wa kulipia kabla. Wewe jicho lako limekwenda kwenye ile namba ya kwanza. Mjini hapa namba ya kwanza ni ya kupigia stori, inayokutoa jasho ni hiyo sita, yaani miezi unayolipa mbele. Chumba cha elfu hamsini ni laki tatu mkononi siku ya kuingia, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake, laki tatu na nusu. Hapo hujanunua ndoo. Na kabla ya yote dalali atakuwa ameshakula hela ya kuonyeshwa, unaitoa hata kama chumba hukukipenda. Hicho cha themanini ulichoniulizia siku ile, mara sita, ni laki nne na themanini, ukiweka na dalali ni laki tano na sitini. Mshahara wako unalipwa mwisho wa mwezi, tena baada ya kufanya kazi. Kodi ya watu wanaolipwa hivyo inadaiwa nusu mwaka mbele, na viongozi wameshasema mara kadhaa kwamba si sawa, wenye nyumba wamesikia, wakaendelea.

Wapo wanaopokea ya miezi mitatu, na wachache ya mwezi kwa mwezi. Wengi wao ni wazee wanaoishi humo humo kwenye nyumba zao za Kiswahili, Buguruni, Tandika, Vingunguti, Mbagala. Hawa huwakuti mtandaoni. Mpangaji akihama, mama mwenye nyumba anamwambia jirani, jirani anamwambia fundi cherehani, na jioni ile ile chumba kina mtu. Ukikitaka chumba cha namna hiyo inabidi utembee: unavaa ndala, unaingia mtaani asubuhi ya Jumapili, unanunua nyanya za mia tano gengeni na kumuuliza mama genge nani anahama. Mama genge anajua nani ana deni la kodi, nani kagombana na mumewe, na chumba kipi kinavuja. Dalali hakwambii hayo hata umlipe mara mbili.

Lakini usitembee mtaa wowote. Chagua barabara kwanza, chumba baadaye. Umeniambia Goba umeona singo nzuri ya elfu arobaini. Sawa. Tuseme nauli ni mia saba kwenda na mia saba kurudi, ukishuka usiku unapanda boda ya elfu moja mpaka nyumbani kwa sababu duka linafungwa saa mbili na njia ina giza. Elfu mbili na mia nne kwa siku, siku ishirini na sita za kazi: elfu sitini na mbili na mia nne. Usafiri umeipita kodi, na hapo nimekuhesabia gari moja wakati Goba mpaka Kariakoo ni kuunganisha. Chumba cha elfu sabini Buguruni au Keko, ambako mkishindwa gari mnatembea, ni rahisi kuliko hicho cha arobaini. "Dakika tano kutoka lami" ni dakika tano za bodaboda asiyeogopa kifo, nenda ukazitembee mwenyewe usiku.

Barabara ya Morogoro ina mabasi ya mwendokasi tangu 2016 na watu wa Kimara wanaisifia, ila masika inapokolea maji yanapanda Jangwani, barabara inafungwa, na hao wa Kimara wanajikuta wanazunguka kutafuta pa kupitia. Bonde lote la Msimbazi ndivyo lilivyo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwahamishia watu Mabwepande, na bado miaka iliyofuata ukipita Kigogo au Tandale mwezi wa Machi unakuta chumba cha bei nzuri ajabu. Ukikuta bei nzuri ajabu, angalia ukuta. Maji yakiwahi kuingia yanaacha mstari, na rangi mpya iliyoishia magotini imepakwa kuuficha.

Kwangu mimi nyumba naijua kwa LUKU yake. Ninapokaa sasa, Mtoni, mita ni moja na wapangaji ni sita. Pembeni yake kuna daftari la shule limefungwa kwa uzi kwenye msumari: jina, tarehe, kiasi. Anayefikiwa na zamu ananunua, anaandika, anaingiza namba korido nzima ikimtazama. Elfu kumi inatoa yuniti 28 na ushei. Kuna kundi la watumiaji wadogo, wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, ambao umeme wao ni wa bei ya chini sana, lakini milango sita kwenye mita moja haiwezi kubaki humo. Kwa hiyo wewe mwenye taa moja na chaji ya simu unalipa bei ya nyumba yenye friji mbili. Halafu tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Ilianza na elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa elfu moja na mia tano. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye nyumba, anayekatwa ni aliyenunua umeme. Sisi tuliliweka mezani kwa adabu na baba mwenye nyumba akakubali kuitoa kwenye kodi ya chumba, baada ya kununa wiki nzima. Uliza mapema: mita ni ya nani, mko wangapi, nani ana friji, na pasi inapigwa lini. Usicheke hilo la pasi. Hapa kwetu limewahi kuvunja urafiki wa miaka.

Maji ni habari hiyo hiyo. Fungua bomba mbele ya mwenye nyumba, usikubali kuambiwa yapo. Onja. Kama ni ya kisima na yana chumvi, utafulia na kuogea, ya kunywa na kupikia utanunua kwa dumu. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua maji tukaingia mgawo, wenye simtank na kisima ndio waliolala usingizi.

Utahojiwa, jiandae. Umeolewa? Una mtoto? Kabila gani? Unarudi saa ngapi? Binti wa peke yake anahojiwa kuliko kijana wa kiume, na hilo linaniudhi mpaka leo. Mama mmoja aliniambia nyumba yake "haitaki mambo", na mpangaji wake wa chumba cha mbele alikuwa anapiga muziki mpaka alfajiri, yeye hakuwa na mambo kwa kuwa ni mwanamume. Jibu kwa heshima: shikamoo, nafanya kazi duka, tunafunga saa mbili. Uliza na wewe geti linafungwa saa ngapi. Kama ni saa tatu, aga, maana kuna siku za kuhesabu mzigo utatoka Kariakoo saa hiyo.

Hela ya kodi usimpe dalali, hata akikuambia wateja wengine wanne wako njiani. Chumba kimoja kupangishwa watu watatu siku moja kipo, na wote watatu walimlipa kijana aliyekuwa na funguo. Mpe mwenye nyumba mwenyewe, kwa simu au benki ili ibaki kumbukumbu, na mkataba muuandikie ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti. Mwenyekiti anajua nyumba ni ya nani, na kama ni ya urithi, ndugu gani bado wanaigombania. Mkataba useme notisi ni ya muda gani na kodi haipandi katikati.

Kuhusu kuipata hiyo sita: wauza duka wenzako wanacheza mchezo, wanachanga hela na kupokea kwa zamu. Ukizoeana nao, mwulize kijumbe, yule anayekusanya, nafasi ikoje, omba zamu yako ya kupokea iangukie mwezi unaotaka kulipa kodi. Mimi sijalipa kodi kwa njia nyingine tangu niingie mji huu.

Mpaka hapo utakaa kwangu. Chumba ni kimoja, kitanda ni futi nne, na kwenye lile daftari la LUKU utaandikwa kama watu wengine. Mwezi wa kwanza sikudai kitu, kuanzia wa pili utanunua mchele. Nitumie jina la mtaa duka lilipo. Kama ni upande wa Gerezani, nitaanza kumuulizia mama genge wa huku Mtoni na wa Keko, kama ni upande wa Ilala nina rafiki Buguruni ambaye chumba cha jirani yake kinaisha kodi mwezi huo huo. Blanketi la Njombe liache huko huko, njoo na chandarua.

Dada yako.