Miguu ya Hamburg na miguu ya Mombasa

Mhariri, naomba kanafasi. Majuzi nilikua Hamburg, Ujerumani, kwa dadangu, akanambia leo hatupandi gari, ni miguu tu. Tukaanza Speicherstadt, yale maghala ya matofali mekundu walioanza kujenga 1883 kando ya mifereji, zamani wakiweka kahawa na viungo, mtu wa Mombasa hapotei pale. Lakini kilichonimaliza ni ile tanel ya zamani chini ya mto Elbe, ilifunguliwa 1911, wee! Unashuka na lifti mita 24 hivi, unatembea mita 426 meli zinapita juu yako, ukutani kuna samaki na kaa wa vigae, na mwenye miguu halipi kitu (hapo sawa na feri yetu). Mimi wa Likoni nimezoea kusukumwa na mikokoteni nikasimama katikati nikacheka pekeangu.

Sasa sisemi tuchimbe tanel. Lakini Mji wa Kale, kutoka Fort Jesus mpaka Leven Steps (zile ngazi za zamani za kushukia baharini), mgeni anakwepa bodaboda na tuktuk njia nzima, vibao vya kumuelekeza haba. Wahusika, wazuieni bodaboda japo jioni tu, mbona hilo halitaki mabilioni.

Msomaji, Likoni