Ramani ya jengo la Moshi isihamishiwe ufukweni bila kubadilishwa

Mhariri,

Naomba nafasi kuzungumzia majengo ya umma ya mwambao, ingawa naandika kutoka Moshi, ambako chumvi tunaijua ya mboga tu. Nimesimamia ujenzi huku bara kwa miaka mingi, na mwaka jana, nikiwa ugenini pwani ya Tanga, nilioneshwa zahanati iliyo hatua chache kutoka baharini. Ramani yake niliitambua kabla sijafika mlangoni, kwa kuwa ndiyo tunayojengea huku, hadi kipimo cha mabati.

Jengo halikuwa limetimiza miaka kumi, lakini nguzo ya baraza ilikuwa imepasuka wima, na kipande cha zege nilichokigusa kilibaki mkononi mwangu. Nondo iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imevimba kwa kutu, na zege lililoifunika halikuzidi unene wa kidole kimoja.

Chumvi inayoletwa na upepo wa bahari hupenya zege polepole mpaka ikaifikia nondo na kuiondolea kinga inayopewa na saruji. Na kwa kuwa kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zege hupasuliwa kutoka ndani. Mchanga wa ufukweni au maji ya kisima chenye chumvi, vikichanganyiwa zege, huleta balaa hilo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana viwango vya uhandisi hudai nondo za nje katika mwambao zifunikwe na zege zito la milimita 40 hadi 50, lisilozidishiwa maji wakati wa kuchanganywa, na lililomwagiliwa ipasavyo baada ya kuganda. Tofauti yenyewe huanzia kwenye biskuti, vile vipande vya zege ambavyo fundi huweka chini ya nondo ili zege lipate nafasi ya kuifunika, na bei yake haifiki hata ya kitasa cha mlango.

Wazee wa Kilwa walijenga kwa matumbawe na chokaa, bila nondo, na kuta zao zingali zimesimama. Sisemi turudi huko, kwani hata Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la mawe ya matumbawe lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati.

Ninachoomba ni ramani za serikali ziwe na ukurasa wa mwambao, na mhandisi wa halmashauri apime biskuti kwa rula kabla zege halijamwagwa, maana likishamwagwa hakuna anayeweza kuziona.

Msomaji wako,
Moshi