Usimtumie mkusanya madeni hata senti kabla ya kuona maandishi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wanaosumbuliwa na wakusanya madeni. Wengi hutuma kiasi kidogo ili simu zikome, na hapo ndipo wanapojifunga. Nchi nyingi zina ukomo wa muda wa kudai deni mahakamani, na mara nyingi malipo hata madogo, au barua inayokiri deni, huanzisha hesabu ya muda upya.

Kwa hiyo jibu la kwanza liwe: niletee kwa maandishi. Usikiri, usikane, wala usitaje namba ya akaunti yako. Maandishi yaonyeshe mkopeshaji wa awali, tarehe ya mkopo, salio la mkopo wenyewe, kisha riba na tozo kila moja peke yake, pamoja na hati kwamba anayedai ametumwa na mkopeshaji au amelinunua deni hilo. Madeni huuzwa kwa mafungu, na katika orodha hizo majina huchanganywa na malipo yaliyokwisha kufanyika hukosekana. Nchini Marekani, sheria ya 1977 inampa mdaiwa siku 30 tangu apokee taarifa ya deni kulipinga kwa maandishi. Akilipinga, mkusanyaji husimamisha kudai mpaka alete uthibitisho.

Vitisho vya "tunakuja kukukamata" visikutetemeshe. Mkusanyaji si polisi, na hana ruhusa ya kubeba vyombo vyako vya nyumbani kwa maneno yake tu. (Mali uliyoiweka dhamana ni habari nyingine, soma mkataba.) Kumtangaza mdaiwa kwa majirani au kazini ni udhalilishaji, na kitendo hicho kinastahili kushtakiwa kwa mamlaka inayosimamia wakopeshaji. Andika tarehe, saa na namba ya kila simu, maana bila kumbukumbu malalamiko hayafiki mbali.

Lakini wito wa kweli wa mahakama usiupuuze kamwe. Ukikaa kimya, hukumu hutolewa upande mmoja. Katika nchi kadhaa hakimu hataangalia ukomo wa muda mpaka mdaiwa mwenyewe auibue.

Mkipatana upunguziwe, barua itangulie pesa, na iseme wazi kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote. Yakikosekana maneno hayo, sehemu uliyodhani umesamehewa inaweza kuuzwa kwa mkusanyaji mwingine, naye ataanza upya. Barua hiyo na risiti vitunzwe pamoja, miaka mingi.

Msomaji wako