Salamu za Pasaka kutoka Makaburi ya Kinondoni

Wapendwa ndugu, jamaa, majirani na wote tuliokula chumvi pamoja, Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi wenzetu Waislamu mliotuletea sahani za Idd mpaka tukakosa pa kuziweka, asalaam aleikum. Kesho mchana ni zamu yetu, msipike.

Naandika leo Jumamosi Kuu, jioni. Mvua ya masika imekatika kidogo, uwanja wetu bado umetuama maji, na vidole vyangu vina rangi nyeusi ya mafuta ambayo hata mafuta ya taa hayajaitoa yote. Tumetoka Kinondoni, kwenye kaburi la mama.

Wengi mnalijua. Alipozikwa mlikuja kututazama, mkakaa na sisi mpaka tukaanua tanga. Msalaba wa chuma mliouona siku ya mazishi haupo tena. Uliibwa mwaka wa pili, nadhani uliishia kwenye mizani ya chuma chakavu, na si wa kwetu peke yake ulioondoka. Tukaamua kujengea kwa zege, na fundi akaandika jina kwa ncha ya mwiko kabla saruji haijakauka. Hakuna wa kung'oa hilo. Lakini masika ya Dar es Salaam hayana simile: kila mwaka kuvu ya kijani hujaa ndani ya herufi, rangi inabanduka, na ukisimama hatua tatu huoni kitu zaidi ya bamba la kijivu.

Kwa hiyo kila Jumamosi Kuu kazi ni ileile. Mdogo wangu anafyeka, maana majani yaliyoachwa tangu Krismasi huwa yamefika magotini. Mimi napiga magoti na msumari wa inchi nne, nakwangua kuvu herufi moja baada ya nyingine, nasugua kwa maji ya sabuni, nangoja ikauke, kisha nachovya kibrashi cha mtoto cha shuleni na kujaza rangi. Herufi A ya mwisho ina ufa. Rangi ikifika hapo hutiririka pembeni, na lazima uifute upesi kwa kidole, ndiyo maana vidole vyangu viko hivi. Mwaka huu binti wa mdogo wangu, aliyeanza darasa la kwanza Januari, alikuwa anasoma kila herufi ninayoimaliza. Alipofika mwisho akalitamka jina lote, kwa sauti ya darasani. Nilinyamaza muda mrefu.

Kuna aliyetushauri, kwa nia njema kabisa, kwamba siku hizi unamtumia kijana hela kwa simu, anafyeka, anakutumia picha. Vijana wale wapo na kazi yao ni halali, leo nimewapa chai. Ila kwetu si suala la majani. Mama alipokuwa hai, akija hapa kaburini kumwona baba, hakuanza na baba. Alianza na majirani. Alisimama kwenye kaburi la kushoto, akasoma jina kwa sauti, akasema "habari za huku", akaenda la pili, la tatu, matano upande huu na matano upande ule, ndipo anarudi kwa mumewe. Nilipokuwa kijana niliona aibu, watu wakitutazama. Siku moja nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikija mimi baba yako anaitwa. Hawa hawajaitwa tangu lini?"

Sasa tunafanya hivyo sisi. Leo katika yale kumi tumeweza kusoma saba tu. Mawili misalaba imeondoka, na moja limebaki kifusi cha vigae vya bluu. Mahali pamebana mno, wenyewe mnajua. Kufika kwa mama unapita kwa kuruka, ukiomba radhi kila hatua.

Kinondoni ina kaburi moja ambalo halihitaji mtu wa kulikumbusha, na linanirudisha Pasaka kila mwaka. Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, alifariki usiku wa kuamkia Aprili 7 mwaka 2012. Ilikuwa Siku ya Karume, na ilikuwa Jumamosi Kuu kama leo. Alikuwa na miaka 28. Tuliingia kanisani siku ya pili yake tukiimba nyimbo za ufufuko huku macho ya vijana wa kwaya yamevimba. Akazikwa Jumanne, Aprili 10, baada ya kuagwa viwanja vya Leaders, na jiji likasimama. Mama alikuwa bado ana nguvu. Alimjua tangu michezo ya kikundi cha Kaole kwenye runinga, akamfuata mpaka kwenye filamu, akimwita "mwanangu" kana kwamba alimlea. Siku ile alitembea kwa miguu kutoka nyumbani, akashindwa hata kusogea karibu kwa wingi wa watu, akarudi jioni khanga imelowa jasho. Hakusema lolote. Alikaa kwenye mkeka akavua viatu. Mpaka leo watu wanafika pale, hasa ikikaribia Aprili 7, na leo nimekuta maua. Nimefurahi kwa ajili ya mzazi wake, kwa sababu ninajua jina la mtoto wake linatamkwa na watu ambao hawakuwahi hata kupeana naye mkono.

Wengine jiji limewakumbuka kwa namna yake. Mwanamuziki Dk. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu huko Kongo na kufia hapa kwetu Desemba 2010, amelala makaburi ya Sinza. Lakini ukitaka kusikia jina lake huna haja ya kwenda makaburini: panda gari lolote la Sinza na utasikia kituo cha "kwa Remmy" kikiitwa kutwa nzima na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa alipokuwa akipiga gitaa. Na pale Kisutu, katikati ya mji, amelala Mzee Ally Sykes, aliyefariki Mei 2013. Kijana aliyekwenda Burma na King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kwenye Vita ya Pili ya Dunia, akarudi, akawa miongoni mwa waasisi wa TANU Julai 7, 1954. Kadi namba 1 ilikuwa ya Mwalimu Nyerere, namba 2 ikawa yake. Watu wanapita na mifuko ya bidhaa nje ya ukuta wa Kisutu kila siku, wakiwahi Kariakoo na Posta, na Saba Saba yote iko upande wa pili wa ukuta huo.

Kariakoo. Hapo ndipo nilitaka kufika.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na hadithi moja aliyoisimulia bila kuipamba. Baba yake alichukuliwa wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, akabebeshwa mzigo, hakurudi. Basi. Hakuna siku, hakuna mahali, hakuna barua. Waingereza walipouchukua mji huu Septemba 1916 waliweka hapa kambi ya kikosi cha wapagazi, kile walichokiita Carrier Corps, na midomo yetu ikalifanya neno hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi waliokufa katika vita vile ni makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, njaa na uchovu wa kubeba risasi na chakula cha wengine porini, mvua kama hizi zikiwanyeshea. Tunanunua nyanya na vitenge juu ya jina lao.

Mwaka jana, wiki hii hii, nilikwenda kumtafuta yule baba wa bibi. Nilijua simpati, lakini miguu ilitaka kwenda. Makaburi ya Vita yako kando ya Barabara ya Bagamoyo, wengi mnapita pale mkielekea Mwenge bila kugeuza shingo. Ndani ni pazuri, na nasema hivyo bila kinyongo: majani yamekatwa sawasawa, mawe yamepangwa safu, mawe mengi yana jina, cheo, tarehe. Yalianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya Vita ya Kwanza yalipohamishwa kutoka Ocean Road kupisha ujenzi wa barabara mpya. Miaka ya mwanzo ya 1970 yakaongezwa mengine kama 1,000 kutoka pembe zote za nchi. Sasa wamo 1,764 wa Vita ya Kwanza wa upande wa Uingereza na makoloni yake, 41 wa Vita ya Pili, na 112 wa mataifa mengine, wengi wao Wabelgiji na Wajerumani. Waliopigana wamelala uwanja mmoja. Hilo lilinigusa.

Lakini nilipofika kwenye bustani za kumbukumbu nilikaa chini. Walipohamisha yale ya Ocean Road walikuta kwamba viwanja vya Waafrika Wakristo, vya Waislamu na vya wale wasio Wakristo havikuwa na alama ya kaburi mojamoja. Hakuna aliyeweka alama ya nani kalala wapi. Kwa hiyo wakazikwa upya kwa pamoja, kwenye makaburi ya wengi, kila moja likisimamishiwa ukuta. Haikuwa dhambi ya waliohamisha mwaka 1968. Ilikuwa imeshafanyika miaka hamsini nyuma yake, siku mtu wa kwanza alipofukiwa bila kuulizwa anaitwa nani. Na wapagazi waliofia njiani hata ukuta huo hawana. Wana Sanamu ya Askari pale Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927, yenye maandishi yanayowakumbuka kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono. Nilitafuta uso.

Sikuwa na jina la kusoma, kwa kuwa hata bibi alimwita "baba" tu, nasi hatukuuliza mapema. Nikasimama mbele ya ukuta, nikafanya kama mama: nikasema habari za huku.

Niwaambie na kitu kizuri, nisiwaache na huzuni sikukuu yote. Wenye watoto wa shule, wapelekeni magofu ya Kunduchi. Humo humo Dar es Salaam, upande wa pwani, kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, na wazee wetu wa pwani walipachika kwenye nguzo hizo bakuli na sahani za kauri kutoka China. Fikirini: chombo kimesafiri bahari nzima, cha thamani kuliko vyote ndani ya nyumba, na mwenye nyumba anasema kiwekwe juu ya kaburi la mzee. Sahani nyingi zimebanduliwa na walafi, yamebaki mashimo ya duara, lakini mtoto akiona shimo lile ataelewa kilichokuwepo.

Nimekuwa nikisoma Marko sura ya 16 wiki hii yote ya mateso. Wanawake watatu wanakwenda kaburini alfajiri na manukato mikononi. Hawaendi kuona muujiza. Wanakwenda kufanya kazi ambayo Sabato iliwazuia kuimaliza, na njiani wanaulizana nani atawavingirishia lile jiwe. Hawana jibu, na bado wanatembea. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uzembe kutoka nyumbani bila kupanga habari ya jiwe. Leo nikiwa nimepiga magoti na msumari mkononi nimewaelewa. Na kwenye Yohana, Mariamu Magdalene analia, anamwona aliyesimama mbele yake, anadhani ni mtunza bustani. Anaongea naye na bado hamtambui. Anamtambua pale tu anapoitwa jina lake: Mariamu.

Nawaombeeni Pasaka yenye afya. Mlioko mbali, Mwanza, Mbeya, Muscat na kwingineko, tunawakumbuka na chumba chenu kipo. Dada mliofiwa Kwaresima hii, hii ni sikukuu ya kwanza bila wao na najua kesho pilau halitapita kooni. Msijilazimishe, njooni mkae tu. Shangazi, dawa usiache kwa sababu ya sikukuu. Na wenye wazee walio hai, kesho mkishashiba, waulizeni majina. Baba wa bibi, mama wa babu, alitoka wapi, alizikwa wapi. Andikeni kwenye daftari, simu hupotea.

Ibada ya alfajiri ni palepale makaburini Kinondoni. Sisi tutatoka nyumbani saa kumi na robo, na tutakuwa karibu na kwa mama kabla ya saa kumi na moja. Njooni na mwavuli na viatu vya kukanyagia tope, mishumaa nimenunua ya kutosha. Jua likichomoza tutapita kwa majirani wote kumi, na yale matatu yasiyosomeka tutasimama vilevile. Mnaokuja kwa daladala ya kwanza msilale njiani. Mkikaribia, konda atauliza kama kawaida yake, "Makaburini wapo?"

Mjibuni kwa sauti: "Wapo!"