Kibali cha bastola cha Texas hakivuki kila mpaka, waambieni vijana wetu

Mhariri,

Salamu kutoka Fort Worth, Texas. Nimesoma kwenye gazeti lenu barua ya ndugu mmoja anasema siku hizi Marekani kila mtu anatembea na bastola kiunoni bila kibali, na akawashauri vijana wetu wanaoendesha malori huku wanunue moja moja wajilinde njiani. Nimeshindwa kunyamaza maana ushauri huo nusu ni kweli, na nusu nyingine inaweza kumfunga mtoto wa mtu au kumrudisha Dar bila hata kuaga wanae.

Kweli yenyewe ni hii. Hapa Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haijamzuia kumiliki silaha anaweza kubeba bastola aliyoificha bila kuomba leseni kwa yeyote. Vermont haijawahi kudai kibali, Alaska walifuta 2003, Arizona 2010, na 2024 walipoingia South Carolina na Louisiana majimbo yakawa 29. Kwa hiyo ndugu yetu hakutunga. Ila majimbo yapo 50 jamani, kila moja na bunge lake na gavana wake na sheria zake za silaha, halafu juu yake kuna sheria za serikali kuu, na hapo ndo watu wetu wanapopotea kwa sababu tumekulia kwenye nchi ambayo sheria ya silaha ni moja kuanzia Mtwara mpaka Bukoba.

Chukua dereva anatoka Dallas na mzigo wa New Jersey. Arkansas hana shida, Tennessee hana shida, anashika barabara ya 81 kwenda juu, Virginia pale tayari kuficha bastola mwilini kunataka kibali, kisha barabara hiyo hiyo inakatiza Maryland kama maili 12 tu, yaani hata wimbo wa redio haujaisha vizuri umeshatoka, lakini kwenye hizo maili 12 kibali cha Texas hakitambuliki kabisa. New Jersey ndo usiseme. Kule kukutwa na bastola bila kibali chao ni miaka 5 mpaka 10, na kwa kawaida jaji hana uhuru wa kumwonea mtu huruma, sheria inamlazimisha ampe isiyopungua miezi 42 ndani kabla ya kufikiriwa kutoka.

Na wala sizungumzii majambazi. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, analea watoto peke yake, kibali chake cha Pennsylvania halali kabisa, alivuka kuingia New Jersey akasimamishwa na polisi kwa mambo ya barabarani tu. Akamwambia askari kwa heshima zote kwamba ana bastola na kibali hiki hapa. Pingu hapo hapo. Alikaa mahabusu zaidi ya mwezi, kesi ikapiga kelele nchi nzima mpaka gavana Chris Christie akampa msamaha 2015. Huyo ni raia, kazaliwa huku, kesi yake imefika kwenye televisheni, sasa niambie kijana wetu wa Kigoma au Mombasa mwenye grini kadi, yaani karatasi ya kuishi huku moja kwa moja, nani atampigia kelele?

Maana kwetu sisi wageni jela siyo hata mwisho wa habari. Sheria ya uhamiaji inasema mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kuondolewa nchini, hata awe na grini kadi ya miaka 20, hata awe amenunua nyumba. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua na kumiliki, hilo sibishi. Ila aliyekuja kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa ujumla haruhusiwi hata kuwa nayo mkononi, kuna vijinjia vichache kama kuwa na leseni ya kuwinda, na asiye na karatasi ndo kabisa, hilo ni kosa la serikali kuu na adhabu yake inafika miaka 15. Texas ikisema huhitaji kibali haijafuta hiyo. Pia aliyewekewa amri ya mahakama kwa ugomvi wa nyumbani anazuiwa kuwa na silaha, Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo Juni 2024 kwa kura 8 kwa 1, na kina baba wengine hawajui kwamba ile karatasi ya mahakama inagusa na bastola iliyoko kabatini.

Kuna jambo jingine ambalo hata wenyeji wengi hawalijui. Serikali kuu inakataza kuwa na bunduki yenye risasi ndani ya futi 1,000 kutoka shule, na anayesalimika barabarani ni yule mwenye leseni iliyotolewa na jimbo ambako shule hiyo ipo. Sasa wewe wa Texas usiye na leseni kwa sababu jimbo halikudai, ukipita na gari mbele ya shule ya msingi na bastola yenye risasi kiunoni, kwa jimbo uko salama, kwa serikali kuu umevunja sheria. Ndo maana mimi nawaambia wadogo zangu hapa, hata kama sheria inasema siyo lazima, kaa darasani, piga shabaha mbele ya mwalimu, toa alama za vidole, chukua leseni. Darasa lenyewe ndilo linakufundisha kwamba ile baa yenye bango la 51% kwa rangi nyekundu, yaani zaidi ya nusu ya mapato yake ni pombe inayonywewa pale, huingii na bastola, posta huingii, na bango la 30.06 mlangoni, lile la mwenye eneo kumkataza hata mwenye leseni kuingia na bastola aliyoificha, siyo pambo.

Na anayelazimika kusafiri nayo kupita majimbo makali kuna sheria ya serikali kuu ya 1986 inayomlinda, mradi huko anakotoka na huko anakokwenda yupo halali. Risasi zitolewe, bastola isiwe mahali pa kufikika kirahisi. Gari dogo lina buti, lori halina, kwa hiyo inaingia kwenye kisanduku kinachofungwa kwa ufunguo, na kile kidroo cha dashibodi hata ukikifunga hakihesabiki. Dereva anayekwenda New Jersey yenyewe bila kibali chao hiyo haimfunikii kitu, na kampuni nyingi za malori zinakataza silaha kwenye gari lao hata kama jimbo linaruhusu, unafukuzwa kazi hata kabla polisi hajaja.

Ndugu aliandika pia kwamba ukitishiwa unachomoa tu. Hilo nalo linategemea jimbo. Florida tangu 2005 sheria haikulazimishi kurudi nyuma kama upo mahali una haki ya kuwepo. Minnesota, ambako Waafrika Mashariki tumejaa, lazima ukimbie kwanza kama kuna njia ya kukimbia salama, na Julai 2024 mahakama yao ya juu ilisema hata kuitoa silaha kumtisha mtu huku ungeweza kuondoka ni kosa. Huko huko Minnesota mwaka 2016 Mmarekani mweusi, Philando Castile, alisimamishwa na polisi, alikuwa na kibali halali, akamwambia askari kwa upole kwamba ana silaha, akapigwa risasi akiwa kwenye kiti chake, mchumba wake pembeni na mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Askari aliachiwa na mahakama. Sisi ngozi yetu ni ile ile, kwa hiyo hata pale kibali chako kinapotambulika mikono inabaki kwenye usukani, unasema kwanza, hushiki mfuko mpaka uambiwe.

Sisemi watu wasijilinde. Dereva analala stendi ya malori peke yake na mzigo wa maelfu ya dola, hofu yake naijua. Ninachoomba, mhariri, mtafute wakili wa uhamiaji mmoja na wa jinai mmoja, mwape kurasa, wajibu maswali ya wasomaji jimbo kwa jimbo, mkianza na New Jersey, New York, Maryland na Illinois ambako madereva wetu wanapita kila wiki.

Msomaji wenu,
Fort Worth, Texas